Kabla Hujapiga Windows Upya

Wateja wa saiba hawaji kuniambia kwamba programu ina hitilafu. Wanasema, "Inakula herufi." "Imekataa alama ya imeli." "Imeniwekea mstari hautoki." "Inajiandikia namba." Mimi nachapa na kuhariri hati kwenye saiba moja hapa Ngara, Nairobi, na wenye malalamiko hayo huingia na laptopu kwapani, wengi wakiwa wameshapita kwa fundi mjini akawaambia dawa ni moja tu: kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka tena kuanzia mwanzo.

Dawa hiyo siipendi. Ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama. Inameza siku nzima, mara nyingine inaondoka na picha za harusi na tasnifu isiyokuwa na nakala, na mtu akifika nyumbani anakuta kasoro ileile inamsubiri. Itaachaje kumsubiri? Vituko vingi vya uchapaji si ugonjwa. Ni amri ambayo kompyuta imepewa, nayo imetii. Huenda amri imetoka kwa mwenye laptopu aliyegusa kitufe bila kujua, au kwa aliyemuuzia, au kwa mhandisi wa Marekani aliyedhani kila anayechapa anachapa Kiingereza.

Kwa hiyo nikiletewa laptopu sisikilizi historia ndefu. Nasema, "Hebu chapa sentensi moja nikiona." Anachoeleza mtu na kinachotokea kwenye skrini mara nyingi havifanani hata kidogo.

Chukua huko kula herufi. Kula kuko kwa aina mbili, na watu huzitaja kwa jina moja. Aina ya kwanza: unarudi katikati ya sentensi kuongeza neno, na kila herufi unayochapa inafuta ile iliyo mbele yake. Hapo umeingia katika hali ya kuandika juu ya maandishi, na mlango wake ni kitufe cha Insert, ambacho kwenye laptopu nyingi kimebanwa pembeni ya Delete. Zamani, katika Word 2003 na zilizoitangulia, kukigusa tu kulitosha, na chini ya dirisha herufi OVR zilikolea kukuonya. Tangu Word 2007 kitufe hicho kilinyang'anywa mamlaka: hakifanyi kitu mpaka mtu akiruhusu. Ukikuta Word yako inakula kwa namna hii, kuna aliyeruhusu. Fungua "File", kisha "Options", kisha "Advanced", utafute mstari unaosema "Use the Insert key to control overtype mode", uondoe tiki. LibreOffice, programu mbadala ya Word ambayo saiba nyingi huipenda kwa kuwa ni ya bure, imebaki na desturi ya zamani. Humo kasa, kale kamstari kanakopepesa mahali unapochapa, hunenepa kakawa kibonge. Bonyeza Insert tena, kanakonda. Kazi imekwisha, na sitozi pesa kwa hiyo.

Aina ya pili haili herufi moja moja. Inameza aya nzima kwa pigo moja. Ulikuwa unachapa vizuri, kidole gumba kikagusa padi iliyo chini ya kibodi, aya ikatiwa rangi bila wewe kuona, na herufi iliyofuata ikachukua nafasi ya kila kilichotiwa rangi. Hivyo ndivyo programu hizi zilivyotengenezwa: maandishi yaliyochaguliwa hufutwa na kinachochapwa juu yake. Usihangaike kuichapa aya upya. Ctrl+Z itairudisha yote. Halafu ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya padi, upunguze wepesi wake wa kuitikia mguso, au uiambie izime kila unapochomeka kipanya. Hii ya padi ndiyo pia inayofanya kasa iruke, ukajikuta unamalizia sentensi ya ukurasa wa nne katikati ya ukurasa wa pili.

Alama ya imeli ni hadithi ya biashara zaidi kuliko ya kompyuta. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa Nairobi ni za mitumba, na nyingi kati ya hizo tunaziita ex-UK, maana zilitumika Uingereza kwanza. Kibodi ya Uingereza ina @ karibu na Enter, na alama za kunukuu ziko juu ya 2. Kibodi ya Marekani imezibadilisha: @ iko juu ya 2, alama za kunukuu ziko jirani ya Enter. Shift na 3 kwenye ya Uingereza hutoa £, kwenye ya Marekani hutoa #. Sasa muuzaji anasafisha laptopu, anaweka Windows na kuacha mpangilio wa Marekani, anakuuzia kibodi yenye michoro ya Uingereza. Unabonyeza kilichochorwa @ na unapata alama ya kunukuu. Nimeshaona wasifu wa kazi uliotumwa kwa waajiri ukiwa na anwani ya imeli yenye alama ya kunukuu mbele ya gmail.com, na kijana mwenyewe anashangaa mbona hajibiwi.

Tazama chini kulia mwa skrini, karibu na saa. Kama kuna ENG US na laptopu yako ina £ juu ya 3, umeshapata jibu. Ongeza kibodi ya Uingereza kwenye mipangilio ya lugha, kisha uiondoe ile ya Marekani kabisa. Usiache zote mbili. Alt ya kushoto pamoja na Shift hubadilisha kutoka moja hadi nyingine, na vidole vinavyoharakisha hugusa vitufe hivyo bila ruhusa yako, ndiyo maana unasikia mtu akisema tatizo "linakuja na kwenda." Kinachokuja na kwenda aghalabu ni swichi.

Namba zinazojiandika ni rahisi zaidi, na zinachekesha. Laptopu za zamani zisizokuwa na safu ya namba upande wa kulia ziliificha safu hiyo ndani ya herufi: U, I na O zikawa 4, 5 na 6, J, K na L zikawa 1, 2 na 3, M ikawa sifuri. Num Lock ikiwaka, ukichapa Nairobi unapata Na5r6b5, na "moja" inakuwa 061a. Tafuta NumLk, mara nyingi unaibonyeza pamoja na Fn. Mama mmoja alikuwa ameambiwa laptopu yake ina virusi. Nilipoizima Num Lock alinitazama kwa muda kisha akauliza, "Na zile pesa nilizompa yule?" Sikuwa na jibu la swali hilo.

Kibodi iliyokufa ghafla nayo? Kabla ya kuifungua kwa bisibisi, fikiria Shift ya kulia. Ukiishikilia kwa sekunde 8, Windows hukuuliza kama unataka kuwasha kichujio cha vitufe, msaada uliowekwa kwa watu ambao mikono yao hutetemeka. Ukikubali bila kusoma, kuanzia hapo mguso mwepesi hauhesabiki tena, unaona kibodi imekufa. Shift mara 5 mfululizo huleta msaada mwingine wa jamii hiyohiyo. Vyote viwili huzimwa kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Ni misaada mizuri kwa wanaoihitaji, na ombi langu ni dogo: soma kijisanduku kabla ya kubonyeza Yes.

Sasa tuje kwenye usahihishaji otomatiki, AutoCorrect. Hapa mchapaji wa Kiswahili anaonewa kweli, na hapa sina haraka.

Mwalimu mmoja mstaafu, katibu wa kamati ya kanisa lake, alinijia na barua ya mwaliko. "Binti yangu, soma hapa." Nikasoma: "Tunawaomba nyote make mahali mlipotengewa." Akasema, "Mimi nimeandika mkae. Nikafuta, nikaandika mkae tena. Hii mashine inanibishia."

Ilikuwa inambishia kweli, Mwalimu hakukosea. Ndani ya Word kuna orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza yaliyochapwa vibaya, kila moja na sahihi yake kando. Teh inageuzwa the. Adn inageuzwa and. Na mkae inageuzwa make, kwa sababu mtu anayekimbia kuchapa make mara nyingi k humtangulia a. Mara tu unapobonyeza nafasi baada ya neno, ubadilishaji umeshafanyika, kimyakimya, na macho yako yako kwenye kibodi.

Aliyebuni jambo hili anajulikana: Dean Hachamovitch, aliyekuwa akifanya kazi Microsoft mwanzoni mwa miaka ya 1990, na lilifika kwa umma pamoja na Word 6 mwaka 1993. Simlaumu. Teh ilikuwa inasumbua watu, akaiondoa. Ila orodha iliyotengenezwa kwa kufuata makosa ya vidole vya Kiingereza haiwezi kujua kwamba kuna lugha ambayo m hutangulia k, kisha a, kisha e, na kila herufi iko mahali pake.

Dawa ya haraka ni Ctrl+Z papo hapo neno linapogeuzwa. Word inarudisha ulichochapa bila kugusa kingine. Ikikusumbua kila siku, nenda "File", "Options", "Proofing", kisha "AutoCorrect Options", uandike mkae kwenye kisanduku cha "Replace", orodha itakupeleka penyewe, bonyeza "Delete". Hiyo nayo inatibu neno moja tu.

Mzizi wenyewe uko kwenye lugha. Ukifungua dirisha lile la AutoCorrect, jina lake juu linataja lugha, kwa kawaida Kiingereza cha Marekani. Orodha hizi ni za lugha, si za programu nzima. Maandishi yaliyoandikishwa kuwa ya Kiswahili hayaguswi na orodha ya Kiingereza. Basi chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, nenda "Review", "Language", "Set Proofing Language", tafuta Kiswahili. Papo hapo, ondoa tiki kwenye "Detect language automatically", maana hiyo ikibaki Word itaendelea kubahatisha lugha nyuma yako. Ukibonyeza "Set As Default", hati zako zijazo zitaanza kwa Kiswahili.

Kuna jambo watu hawalitegemei. Word haiweki lugha kwenye hati. Inaiweka kwenye maandishi yenyewe, neno kwa neno ikibidi. Aya uliyonakili mtandaoni inakuja na uraia wake. Ndiyo maana unaona nusu ya ukurasa imetulia na nusu imejaa mistari myekundu, na ndiyo maana mkae hugeuzwa ukurasa wa kwanza na kuachwa ukurasa wa tatu. Kibodi nayo huchangia: ukibadilisha lugha ya kibodi katika Windows, Word huchukua kwamba unachochapa sasa ni cha lugha hiyo. Kwa barua zetu za Nairobi, zinazoanza kwa Kiswahili, zikaingia Kiingereza kwenye kichwa cha mada na kurudi Kiswahili kwenye salamu, inabidi uandikishe kila kipande. Inachosha, nakubali. Mimi hufanya hivyo mwishoni, hati ikiwa imekamilika, kabla ya kuchapisha.

Je, Kiswahili kina ukaguzi wake wa tahajia? Kinao. Word huenda ikakuambia upakue vifaa vyake kwanza. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wameshatoa programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Kamusi hizi zina mapengo, hasa kwa vitenzi vilivyojaa viambishi, lakini mstari mwekundu chini ya neno sahihi moja moja ni afadhali kuliko ukurasa mzima mwekundu ambao mtu ameshazoea kutouangalia.

Kuweka lugha hakumalizi kila kitu. Makarani wa mawakili wanajua (a), (b), kisha ©. Nimeona hati ya kiapo iliyotiwa sahihi na kamishna wa viapo ikiwa na alama ya hakimiliki kati ya kifungu (b) na (d), na hakuna aliyeshtuka. Hiyo lazima uifute mwenyewe kwenye orodha ya AutoCorrect, kwa kuwa alama za aina hiyo hazichagui lugha.

Herufi kubwa baada ya nukta nazo zina ubishi wao. Word ikiona nukta na nafasi inaamini sentensi imeisha, kwa hiyo "taz. ukurasa wa 12" inageuka "taz. Ukurasa wa 12". Kiingereza kimepewa orodha ya vifupisho visivyohesabiwa kuwa mwisho wa sentensi, vyetu havimo. Kwenye dirisha lilelile kuna kitufe cha "Exceptions", weka humo taz. na kif. na vingine unavyotumia. Kuna na njia ya kivivu inayonifurahisha: ukirudi kwa Backspace ukaiondoa ile herufi kubwa na kuchapa ndogo, Word hujifunza na kuliweka hilo neno kwenye orodha yenyewe.

Halafu kuna Ng'ang'a. Jina hili, na Ng'etich, na ng'ombe wote wa nchi hii, lina kikato, na Word hupenda kukikunja kiwe kama alama ya kunukuu ya vitabuni. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. Ukitafuta ndani ya Word hutaona shida, kwa sababu Word huzihesabu kuwa sawa. Shida inaanza Excel. Umepewa orodha ya wanafunzi iliyochapwa Excel, kikato kimenyooka, na orodha ya alama za mtihani iliyonakiliwa kutoka Word, kikato kimekunjwa. Unaziunganisha kwa VLOOKUP, fomula inayotafuta jina la orodha moja kwenye nyingine, na kila Ng'ang'a anatoka bila alama. Mzazi anafika shuleni kuuliza mbona mtoto wake hakufanya mtihani. Katika Excel, nakili kikato kilichokunjwa, fungua Ctrl+H, ukibadilishe chote kiwe kilichonyooka. Na kwenye Word, katika dirisha lilelile la AutoCorrect, sehemu ya "AutoFormat As You Type", toa tiki kwenye mstari wa alama za kunukuu zilizokunjwa kama majina ya watu ndiyo kazi yako.

Ukiwa kwenye sehemu hiyohiyo, utaona "Border lines", na hapo ndipo anapokaa yule mstari asiyetoka. Ukichapa vistari vitatu peke yake kwenye mstari kisha Enter, Word huvigeuza mstari mmoja mrefu kutoka ukingo hadi ukingo. Alama za kuwa sawa tatu hutoa mistari miwili, nyota tatu hutoa vitone. Watu hukutana nao wakitengeneza fomu, wanapoweka nafasi ya sahihi kwa vistari vya chini mfululizo. Kisha wanajaribu kuufuta kwa Backspace, kwa Delete, kwa kipanya, wapi! Haufutiki kwa sababu si maandishi. Umekuwa ukingo wa aya iliyo juu yake. Weka kasa kwenye aya hiyo, nenda kwenye kitufe cha mipaka kwenye "Home", chagua "No Border". Au Ctrl+Z, kama umeushtukia mapema.

Na maneno yaliyotawanyika kwenye mstari kama yamegombana? Ni Shift+Enter ndani ya aya iliyonyooshwa pande zote mbili. Weka Enter ya kawaida.

Katibu wa chama kimoja cha akina mama, ambaye kwa muda mrefu alikuwa adui wa AutoCorrect, siku hizi ndiye mtumiaji wake mkubwa hapa saiba. Nilimwonyesha kwamba orodha ile inapokea maneno yako pia: andika mwk upande wa kushoto, na upande wa kulia "Mwenyekiti alifungua mkutano kwa maombi na kuwakaribisha wanachama wote." Sasa anachapa mwk na nafasi, kumbukumbu za mkutano zimeshaanza. Ana nyingine ya waliochelewa na faini zao, na nyingine ndefu kidogo ya wale wanaotoa udhuru kila mwezi. Ila maneno hayo yamehifadhiwa kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni. Akikuta imekaliwa na mtu wa kujaza fomu za kodi za KRA, huketi kwenye nyingine, anachapa mwk, anapata mwk, na ninasikia jina langu.